Kufuli Mlangoni si Kiwango cha Malezi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 ikiwa amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shule ya serikali humpokea mtoto katika darasa la awali akiwa na umri wa miaka mitano. Kati ya siku ya 85 na mwaka huo wa tano kuna pengo la miaka minne na ushei, na ndani ya pengo hilo dola haina jibu kwa swali jepesi kabisa: mama anapokwenda kazini, mtoto anabaki na nani? Tena hesabu hiyo ni ya mwenye mkataba wa ajira. Mama lishe wa Buguruni, mchuuzi wa samaki anayewahi mnada wa Feri kabla ya adhana ya alfajiri, mfagiaji wa barabara anayelipwa kwa siku, hao hawana hata hizo siku 84. Wapo wanaorudi kwenye meza zao za biashara na kichanga mgongoni.

Jibu lisilo rasmi sote tunalijua. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini ya Dar es Salaam ziko nyumba ambamo mwanamke mmoja hupokea watoto wa wenzake tangu alfajiri hadi jioni kwa malipo ya siku. Hana bango wala leseni. Kusema "nimemwacha kwa Mama Fulani" kunatosha kuwa jina la kituo, anwani yake na hati yake ya utambulisho. Katika lugha ya ofisini mwanamke huyu ni "mtoa huduma asiye rasmi", na akitajwa vikaoni mara nyingi hutajwa katika sentensi moja na neno "kufungiwa".

Hoja yangu ni kwamba viwango tulivyonavyo, kwa namna tunavyovitumia, vinamwadhibu mlezi mdogo kwa umaskini wa nyumba yake na wakati huo huo vinashindwa kumgusa mlezi mbaya kwa ubaya wa malezi yake. Nitaieleza hoja hiyo kwa wanafunzi wangu wa ustawi wa jamii, ambao kesho watakuwa ndio wakaguzi, na kwa watumishi wa halmashauri ambao leo wameshika mihuri.

Sheria yenyewe si ngeni. Mwaka 1981 nchi hii ilitunga sheria mahususi ya vituo vya kulelea watoto mchana. Sheria hiyo ikaja kufutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo iliyachukua masuala ya vituo hivyo na kuyaweka chini ya paa moja na mambo mengine ya mtoto. Atakaye kuendesha kituo anapaswa kusajiliwa, na asiyesajiliwa anatenda kosa. Hadi hapo hakuna mwenye akili timamu atakayepinga. Watoto si magunia ya mkaa, kwamba yeyote mwenye ua anaweza kuwapanga.

Tatizo linaanza pale mwombaji anapoulizia viambatisho. Uthibitisho wa umiliki wa jengo au mkataba wa pango. Ripoti ya afisa afya. Cheti cha mafunzo ya malezi kutoka chuo kinachotambulika. Eneo la kuchezea. Vyumba, vyoo vya watoto, uzio. Kila kimoja kina busara yake kikisimama peke yake. Vikiwekwa pamoja vinachora picha ya shule ndogo ya binafsi yenye geti na rangi za katuni ukutani, ya kuhudumia wazazi wanaoweza kulipa ada kwa muhula. Mwanamke anayepanga vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji wanane hayumo katika picha hiyo, na mwenye nyumba hatampa mkataba wa maandishi hata akimpigia magoti. Kwa hiyo hasajiliwi. Kwa kuwa hasajiliwi, hakaguliwi. Kwa kuwa hakaguliwi, hakuna afisa anayejua kama anamlaza mtoto kifudifudi au chali.

Mwaka juzi nilifuatana na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika mafunzo kwa vitendo, wilaya ya Temeke. Tuliingia katika nyumba ambamo mama wa makamo alikuwa na watoto 11 sebuleni. Ukuta ulikuwa na nyufa na sakafu ilikuwa ya saruji iliyochakaa. Lakini alikuwa na daftari la mistari, lile la shilingi mia chache, ambalo ndani yake kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: jina, namba ya simu ya mama, namba ya mtu wa pili, chakula kinachomdhuru, tarehe ya chanjo inayofuata, na majina ya watu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. Jiko la mkaa lilikuwa nje, juu ya meza, mbali na mikono midogo. Ndoo za maji zilikuwa na vifuniko vilivyobanwa. Alitoza shilingi 1,500 kwa siku, na mama aliyekosa alilipa siku nyingine. Nilipomuuliza nani alimfundisha utaratibu ule wa daftari, alinijibu, "Mwalimu, mtoto wa mtu ukimpokea mzima lazima umrudishe mzima. Sasa nitakumbukaje yote hayo kwa kichwa?"

Mitaa mitatu kutoka hapo tukakuta nyumba nyingine. Watoto walikuwa wengi zaidi na kulikuwa kimya, kimya cha kutia shaka kwa saa nne asubuhi. Karibu wote walikuwa wamelala. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mama yake ni muuguzi, aliiona chupa ya dawa ya mafua juu ya kabati kabla yangu. Mlezi hakuona haya kutueleza: kijiko kimoja baada ya uji, wanatulia, kazi zinakwenda. Jiko la mkaa lilikuwa chumbani, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mbu.

Sasa nawauliza watumishi wenzangu wa umma: mbele ya sheria, nyumba hizi mbili zina tofauti gani? Hakuna. Zote hazikusajiliwa. Zote hazina hati ya jengo, hazina uwanja, hazina mlezi mwenye cheti. Siku msako utakapopita, zitafungwa zote mbili kwa kosa lile lile na kwa kufuli la aina ile ile. Kiwango kisichoweza kutenganisha daftari lile na chupa ile kinapima saruji, hata kama juu yake kimeandikwa neno malezi.

Na kufuli likishawekwa, watoto huenda wapi? Hili halimo katika taarifa za utekelezaji. Hawaendi kwenye kituo chenye geti, maana ada yake ni mapato ya mama ya wiki nzima. Wengine huhamia nyumba ya ndani zaidi ya mtaa, ambako mlezi sasa amejifunza kuficha. Wengine hubaki na dada yao wa miaka tisa, ambaye kwa sababu hiyo haendi shule. Tangu mwaka 2016 tunajivunia elimumsingi bila ada, na tuna haki ya kujivunia. Lakini binti anayelea mdogo wake hazuiwi na ada. Anazuiwa na mdogo wake. Wapo pia watoto wanaofungiwa ndani peke yao, funguo ikiachwa kwa jirani, na tunasikia habari zao moto unapotokea. Afisa aliyefunga kituo atakuwa ameshaandika taarifa yake kwamba watoto wa eneo hilo wamelindwa.

Nisieleweke vibaya. Upande wa pili nao una makosa yake, na kwa kuwa wengi wa marafiki zangu wako huko, nitawasema bila kupunguza makali. Kuna wanaharakati ambao wakisikia neno viwango husikia neno ukandamizaji. Wanatuambia walezi hawa ni nguzo ya mshikamano wa jamii, kwamba bibi zetu walilea bila mwongozo wa wizara, na kwamba serikali ikae kando. Huo ni ushairi unaoandikwa na watu ambao watoto wao wanalelewa kwingine. Bibi zetu walilea wajukuu wanne katika ua ambao kila aliyepita alikuwa ndugu. Mlezi wa mjini anapokea watoto kumi wa watu asiojua majina yao ya ukoo, katika nyumba ambamo mpangaji wa chumba cha tatu hubadilika kila mwezi. Udugu uliokuwa unafanya kazi ya ukaguzi haupo tena, na kitu kingine lazima kifanye kazi hiyo. Mtoto anayeleweshwa kwa dawa hana chama, hana kipaza sauti, hajui hata kwamba anachofanyiwa si kawaida. Kumwacha mikononi mwa mlezi yule kwa jina la kuheshimu wanyonge ni kumheshimu mnyonge mmoja kwa kumtoa mhanga mnyonge kuliko yeye.

Basi viwango tunavihitaji, na mjadala wetu unapaswa kuwa juu ya kile vinachopima. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwaka 2018 mwongozo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, usalama na ulinzi, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania iliukubali mwongozo huo kiasi cha kujenga juu yake Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha hadi 2025/26. Isome programu hiyo, kisha rudi kwenye orodha ya viambatisho vya usajili. Utadhani ziliandikwa na nchi mbili zisizo na uhusiano wa kibalozi.

Mimi ningeanza na yale yanayoua, kwa sababu mtoto aliyekufa hana haja ya fursa za kujifunza. Mkaa hauwaki ndani ya chumba wanamolala watoto. Maji yote yamefunikwa, maana mtoto anayetambaa huweza kuzama katika ndoo yenye maji ya kiasi cha shubiri moja. Mafuta ya taa na dawa ya kufanyia usafi hazikai katika chupa ya soda wala chini ya kimo cha mtu mzima. Mtoto mchanga hulazwa chali. Hakuna dawa yoyote anayopewa mtoto isipokuwa ile iliyoletwa na mzazi wake, na ikaandikwa. Mlezi anajua la kufanya mtoto akikabwa na punje ya karanga, akiungua, akiharisha: anajua kutengeneza maji yenye chumvichumvi ya kuongezea mwili maji, na anajua dalili za kumpeleka zahanati bila kumsubiri mama. Mtoto hatolewi kwa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari, hata akiwa baba yake. Na idadi ina ukomo, uliowekwa kwa kuangalia umri wa watoto na idadi ya mikono, si ukubwa wa kiwanja.

Na hakuna kupiga. Hapa najua nitakutana na tabasamu la kejeli, kwa kuwa nchi hii bado inaruhusu kiboko shuleni kwa kanuni zilizochapishwa, halafu mimi nataka mlezi wa mtaani asimguse mtoto. Ndiyo, nataka hivyo. Kama dola inaona aibu kumtaka mlezi wa mtaani jambo ambalo haijaweza kumtaka mwalimu wake yenyewe, dawa ya aibu hiyo inafahamika.

Mambo hayo yote yanaingia katika karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, ikabandikwa ukutani ambapo mama anayemleta mtoto ataiona kila asubuhi. Hakuna hata moja linalodai umiliki wa jengo. Karibu yote mama yule wa daftari alikuwa akiyatimiza kabla hatujabisha hodi, na karibu yote yule wa chupa angeweza kufundishwa katika majuma machache. Asipofundishika, hapo ndipo kufuli linapopata uhalali wake, maana atakuwa amefungiwa kwa kosa alilolitenda dhidi ya mtoto.

Wenzangu wa maofisini hupenda kunijibu kwamba jambo hili haliwezekani katika mazingira yetu. Jibu hilo linanishangaza kila ninapolisikia, kwa sababu limekwishawezekana hapa hapa, na serikali ndiyo iliyolifanya. Wanaokumbuka maduka ya dawa baridi wanakumbuka pia yalivyokuwa: wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na dawa ambazo sheria haikuwaruhusu kuziuza ziliuzwa chini ya meza, kwa sababu wagonjwa wa vijijini hawakuwa na duka jingine la karibu. Njia rahisi ilikuwa kuyafunga. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na washirika wake walijaribu njia nyingine. Wauzaji walipewa mafunzo. Orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ilipanuliwa kihalali, ikaingiza baadhi ya dawa muhimu walizokuwa wakiziuza kwa kificho. Viwango vya duka vikawekwa vinavyofikika. Ukaguzi ukasogezwa karibu, kwa kutumia watu wa halmashauri na kata. Aliyetimiza masharti alipata nembo mlangoni na jina jipya: Duka la Dawa Muhimu. Mpango ule ulienea mikoa yote, leo uko chini ya Baraza la Famasi, na nchi nyingine za Afrika zimekuja kuuiga.

Siri ya DLDM haikuwa upole. Masharti yalikuwepo na waliokaidi walifungiwa. Siri ilikuwa kwamba muuza duka alipata faida kwa kuingia ndani ya sheria: bidhaa halali zaidi, wateja wenye imani, nembo ambayo jirani yake hana. Mlezi wa mtaani anayefikiria leo kwenda kujiandikisha anapata nini? Anapata kujulikana alipo. Kwa mtu ambaye kujulikana alipo kumekuwa kukimaanisha msako, hiyo si zawadi. Nimewahi kumsikia mwenyekiti wa mtaa mmoja akikiri kwamba anawafahamu walezi wote wa eneo lake na kwamba hatawataja kwa afisa yeyote, kwa sababu mke wake anauza mihogo na mtoto wao yuko kwa mmojawapo. Siwezi kumlaumu. Hata hivyo, mfumo ambao raia mwema analazimika kuuficha ukweli ili mtoto wake apate pa kushinda ni mfumo uliojipofua wenyewe.

Wengine husema nyumba ya kupanga haiwezi kamwe kuwa mahali pa huduma, na kwamba nchi zilizoendelea zisingekubali. Wasome basi za England. Huko mlezi husajiliwa kulelea watoto nyumbani kwake mwenyewe, chini ya Ofsted, taasisi ile ile inayokagua shule. Kikomo chake ni watoto 6 wa chini ya miaka 8, na kwa kawaida wasiozidi 3 kati yao wawe wadogo wa chini ya miaka 5, na mmoja tu awe chini ya mwaka. Anatakiwa kuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto wadogo, na wakazi wa nyumba ile wachunguzwe. Sheria yao ilikubali zamani kwamba nyumba ni mahali halali pa malezi, kisha ikauliza maswali yanayohusu nyumba. Sisi tumekataa jambo la kwanza, kwa hiyo hatujafika kwenye maswali.

Pingamizi zito kuliko yote, ambalo nalipa heshima yake, ni hili: kuweka viwango vyepesi kwa walezi wa maskini ni kuhalalisha ubaguzi, mtoto wa Masaki apate kituo na mtoto wa Mbagala apate sebule. Ninalijibu hivi. Ubaguzi huo upo tayari, na usajili uliopo haujaupunguza hata kwa mtoto mmoja. Kiwango nilichokieleza ni sakafu, nacho kimsimamie kila mtu. Kituo chenye bembea na vigae kinachomtoa mtoto kwa mtu asiyejulikana kinapaswa kuanguka katika ukaguzi, na leo kinaweza kufaulu. Aidha, dola inayotaka ukamilifu kutoka kwa mwanamke wa vyumba viwili iangalie kwanza nyumbani kwake. Sera inataka darasa la awali liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Darasa la awali lenye watoto zaidi ya 100 si jambo la ajabu katika shule zetu za serikali. Sijawahi kusikia afisa amelifunga kwa kufuli. Tunasema, na tunasema kweli, kwamba kulifunga kutawaumiza watoto, na kwamba kinachotakiwa ni kuongeza walimu na madarasa taratibu. Kwa nini subira hiyo iishie kwenye ukuta wa shule?

Lipo jambo jingine ambalo wapenzi wa viwango hulipita haraka: nani analipia. Kolombia ilianzisha mwaka 1986 mpango wa nyumba za jamii za malezi, ambamo mwanamke wa mtaa hulea watoto wa majirani nyumbani kwake, serikali ikitoa chakula, mafunzo na usimamizi. Ni mpango mkubwa na umedumu. Lakini kwa miongo zaidi ya miwili wanawake wale walihesabiwa kuwa watu wa kujitolea, wakalipwa posho iliyokuwa chini ya mshahara wa kima cha chini, huku wakitakiwa kutimiza masharti ya kitaalamu. Ilibidi suala lao lifike Mahakama ya Katiba, ambayo iliamua mwaka 2012, ndipo kufikia 2014 wakaanza kuajiriwa kwa mikataba na kima cha chini. Funzo lake kwetu ni la pande mbili: sebule ya mtaani inaweza kuwa sehemu ya mfumo wa taifa, na dola itapenda mno kuendesha mfumo huo kwa jasho la bure la wanawake kama hakuna wa kuizuia. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi za malezi na matunzo zisizo na malipo hufikia saa bilioni 16.4 kila siku ulimwenguni, na kwamba zaidi ya robo tatu ya saa hizo hufanywa na wanawake. Tukiongeza juu yake daftari, mafunzo na ukaguzi bila kuongeza shilingi, tutakuwa tumemtwisha mzigo mtu yule yule na kuuita ubora.

Fedha si lazima zitoke mbinguni. Halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Kikundi cha walezi watano wa mtaa mmoja kinastahili mkopo huo sawasawa na kikundi cha wafuga kuku, ila leo hakiwezi kuomba kwa sababu kazi yake ni kosa la jinai. Watu wa kuwatembelea nao wanapatikana. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache na kata nyingi hazina hata mmoja, hilo najua, ninawafundisha na ninaona wakihitimu na kukaa bila ajira. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mhudumu huyo atapita mlangoni kwa Mama Fulani kwa vyovyote vile, akifuatilia chanjo na utapiamlo. Mpeni ile karatasi moja. Aingie kama mshauri mara tatu, na mara ya nne ripoti yake iende kwa afisa ustawi wa wilaya, ambaye sasa atakuwa na orodha ya nyumba tano za kushughulikia badala ya mji mzima wa kukisia.

Nimezungumzia watoto kwa sababu ndio ninaowajua. Msomaji anaweza kuipeleka hoja hii kwa wanaotunza wazee na watu wenye ulemavu majumbani, kazi ambayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka hasa mikononi mwa familia na jamii, na ambayo sasa mijini inafanywa zaidi na zaidi na mtu wa kulipwa ambaye hakuna anayemfundisha wala kumkagua. Huko hata kufuli halijafika.

Kwa wasomaji walioko serikalini nina ombi mahususi, na halihitaji Bunge. Sheria ya Mtoto inaacha mambo mengi ya vituo kwenye kanuni, na kanuni hubadilishwa na waziri. Programu ya malezi ya 2021/22 hadi 2025/26 itahitaji mrithi. Katika rasimu yoyote ya kanuni au ya programu itakayopita mezani kwako, tafuta daraja la usajili wa mlezi wa nyumbani, lenye idadi ya watoto, masharti ya usalama na muda wa kujirekebisha. Kama halimo, liandike pembeni kwa kalamu kabla hujaipeleka faili mbele. Na ninyi wanafunzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo Julai: msianzie ofisi ya kata. Anzieni kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri, mfuateni mama mwenye mtoto mgongoni mwone anaingia mlango gani kabla ya kupanda gari, na mkibisha hodi hapo baadaye, ulizeni kwanza kama kuna daftari.